Maji Niliyoyatema Msambweni

Waa, Jumatano, 19 Machi 2025

Leo imetimia miaka thelathini na mmoja tangu nilipotoka Msambweni. Ilikuwa Jumamosi, siku ya tano baada ya Idi. Nilitoka na mke, mtoto wa miaka miwili, sanduku la vitabu, na kipimo cha mvua cha shaba ambacho watu wa hali ya hewa walinikabidhi nilipokuwa mwalimu. Mke amekufa. Vitabu vimeliwa na mchwa wa Samburu, kando ya barabara ya malori ya Mombasa, nilikokwenda kuishi kwa kuwa huko hakuna aliyeniuliza jina la mama yangu wala ukoo wangu. Mtoto, Ummi, sasa ana nyumba yake hapa Waa na duka la vitambaa Kombani. Kipimo ninacho.

Miaka yote hii sijalala karibu na kwetu namna hii. Ni kilomita arobaini. Nipo hapa kwa sababu ya kifua: tarehe kumi na moja mwezi uliopita nilipasuliwa Mombasa, wakaitoa vali moja ya moyo wangu na kuniwekea nyingine iliyoshonwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe. Daktari hataki niwe mbali naye mpaka masika yaishe.

Ni Ramadhani na sifungi. Ummi huniletea uji chumbani, kisha huvuta pazia. Nina miaka sitini na saba nami nakula kwa kujificha.

Mvua: hakuna.

21 Machi

Hakuna.

24 Machi

Kliniki. Daktari Winrose Munee ni Mkamba aliyezaliwa Shimba Hills, wazazi wake walikuja na skimu ya mashamba. Huongea polepole, na hungoja mtu amalize kuuliza. Leo alichukua karatasi akachora.

"Mzee, watu wengi vali hii huwa na vibawa vitatu. Wewe ulizaliwa na viwili. Viwili hivyo vimefanya kazi ya vitatu miaka sitini na saba, mpaka vikajaa chokaa."

"Kama birika."

"Kama birika la Waa," akasema, akacheka.

"Kwa hiyo sikuupata ugonjwa huu kwa chumvi wala kwa mawazo."

"Uliupata tumboni mwa mama. Na pengine si wewe peke yako, hii kitu hutembea ndani ya familia. Ummi tumempima, yuko sawa. Una ndugu wengine? Kuna kijana kwenu aliyeanguka ghafla akafa?"

Nilimwambia yupo. Nikajifanya nakohoa, na kukohoa kwenyewe kukaniumiza mfupa wa kifua.

25 Machi

Nimelala na karatasi ya daktari chini ya mto. Sasa niandike kwa mpangilio, maana sijapata kuandika habari hii hata mara moja.

Feisal alikuwa mtoto wa dada yangu, Mwanatumu. Kwetu Wadigo mjomba ni mzito kuliko baba. Kauli yake kwa mtoto wa dada yake huaminiwa kwamba huponya, na huaminiwa kwamba huua. Feisal alikuwa na miaka kumi na saba, mchezaji wa pembeni, kipenzi cha uwanja mzima. Mimi niliona walichokuwa hawakioni. Akikimbia mara ya kwanza na ya pili alikuwa upepo. Mara ya tatu alishika magoti, midomo imekuwa ya kijivu. Nilimjua kwa kuwa nami nilikuwa vile vile. Utotoni nilichapwa kwa kuketi chini shambani, nikaitwa mvivu, na jina lile nikakua nalo. Basi siku moja nikamwita kando ya uwanja, watu wakisikia, nikamwambia, "Feisal, mpira huu utakuua."

Wiki ya pili aliangukia uwanjani akafa. Ilikuwa mwisho wa Shaabani.

Ramadhani nzima watu wa ukoo hawakusema kitu, kwani ni Waislamu wazuri. Walingoja Idi ipite. Alhamisi ya wiki ile ile wakanipeleka kwenye kiraho, kile kiapo cha papai, kwa mzee mmoja aliyekaa juu ya kilima upande wa Kinango. Sharti la kiraho ni kukaa na njaa tangu usiku, kupanda kwa miguu, na kula kipande cha papai lililosomewa maneno. Asiye na hatia humeza akarudi kwake. Mwenye hatia pumzi humkatika. Nilipanda kilima kile saa saba mchana bila tone la maji. Nikatafuna, nikameza, nikasimama niwaambie "mmeona?", na macho yakaingia giza.

Nilipozinduka walikuwa wamekwisha kuhukumu. Iddi, kaka yake Feisal, alikuwa amesimama juu yangu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili. "Umemla ndugu yangu," akasema.

Jana Daktari Winrose aliniambia, katika kunieleza mambo mengine, kwamba mwenye vali iliyobana akipanda mlima juani na tumbo tupu huzimia. Hakujua alichokuwa ananieleza.

Nimemwomba aniandikie barua. Nitaisoma mbele ya wazee wa Msambweni.

Kuna jambo jingine, na ndilo la haraka. Iddi ana binti, Yusra, wa miaka kumi na mitatu. Ummi alimwona harusini mwaka jana. Wasichana wenzake wakicheza, yeye aliketi na mabibi, akihema.

31 Machi, Idi

Mvua: milimita 2, ya kwanza. Nthiwa, jirani yangu wa Samburu, mfuga mbuzi, alinipigia simu kabla hata ya swala.

"Mwalimu! Nasikia wamekutia ng'ombe ndani."

"Kipande kidogo tu, Nthiwa."

"Kidogo ndiyo mwanzo. Masika hii ukiona nyasi ukapata hamu, usione haya, sisi ni majirani."

Nilicheka mpaka nikakumbatia mto, kama tulivyofundishwa wodini, kifua kisifunguke. Kisha nikampigia Iddi nimpe mkono wa Idi. Hakushika simu.

3 Aprili

Mvua: 11. Iddi: hakushika.

4 Aprili

Mvua: hakuna. Iddi: hakushika.

7 Aprili

Mvua: 26. Iddi alishika, akanisikiliza nikitoa salamu, akakata.

10 Aprili

Mvua: 19. Leo tumezungumza, ikiwa yale ni mazungumzo.

"Iddi, ni mjomba wako, Chirau."

"Najua. Namba yako nimeihifadhi. Nimeiandika 'Usishike'."

"Ahsante kwa kushika. Mwanangu, mpeleke Yusra akapigwe picha ya moyo. Ni picha tu, hachomwi hata sindano."

"Jina la mtoto wangu lafanya nini kinywani mwako?"

"Iddi, nina barua inakuja ya daktari..."

"Feisal ulimwambia mpira utamuua. Mimi waniambia mwanangu moyo wake mbaya. Mdomo wako, mjomba, mbona haujapata kutoa habari njema?"

"Nimezaliwa na ugonjwa huu. Feisal naye..."

"Wewe umetiwa nguruwe kifuani. Msambweni nzima yajua."

"Ni ng'ombe."

"Alichinjwa na nani? Alitajiwa bismillahi?"

Akakata. Nimelifikiria swali lile mchana kutwa.

11 Aprili

Mvua: 8. Nimeuona mtego. Kila nikimwonya Iddi, anamsikia yule yule aliyemwonya Feisal. Kadiri ninavyosema kweli ndivyo ninavyozidi kuwa mchawi.

18 Aprili

Mvua: 40. Barua imefika. Ukurasa mmoja, Kiswahili safi. Nimesahihisha makosa mawili. Inasema vali yenye vibawa viwili ni maumbile ya kuzaliwa, hurithiwa, yaweza kumwangusha kijana mchezoni bila dalili ambayo watu wangeielewa. Nimeisoma kwa sauti mara nne nikiwa nimesimama. Mara ya nne nilijipangia hata mahali pa kunyamaza.

22 Aprili

Mvua: 33. Iddi: hakushika.

27 Aprili

Mvua: 52. Iddi: hakushika. Ummi alikuwa akikunja vitambaa vya duka, nami nikimwonyesha aya ya pili ya barua, pale panaponihusu.

"Baba," akasema bila kuinua uso, "wataka mtoto apone au wataka kushinda kesi?"

"Ni jambo moja."

"Si moja, baba."

28 Aprili

Mvua: 12. Sisemi na Ummi.

9 Mei

Mvua: 71. Maji yameingia mpaka jikoni. Saa nne asubuhi simu ililia, na kwa mara ya kwanza jina lilikuwa la Iddi.

Jana Yusra alianguka shuleni kwenye mbio za darasa. Alizinduka baada ya dakika moja, labda mbili. Wamempeleka kwa mganga, na mganga ametaja jina langu. Lingine asingekuwa nalo.

"Njoo nyumbani," Iddi akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala. "Ujaze maji kinywani, uyateme kifuani pake, useme, nilichofunga nimekifungua. Mbele ya wazee."

"Mpeleke hospitali leo, Iddi. Nakuomba. Mimi nitakuja kesho nifanye mtakalo."

"Uje kwanza. Ukimfungua nitampeleka popote utakapo. Usipomfungua, kumpeleka ni kazi bure."

"Nikisema nimekifungua, nitakuwa nimesema nilikifunga."

"Ndiyo, mjomba. Ndiyo maana yake."

10 Mei

Mvua: 44. Kutema maji si uchawi. Ni desturi yetu ya zamani: mzee mwenye kinyongo na mtoto wa ukoo hutema maji ili kinyongo kitoke. Mama yangu aliwahi kunitemea. Ingekuwa hilo tu, ningekwenda jana. Lakini wao wanataka na yale maneno.

Miaka thelathini na mmoja sikukiri. Hata baada ya papai, nikiwa nimelala chini, watu wamenizunguka na mawe mikononi, sikukiri. Sikubaki na mali nyingine. Na sasa, masika haya haya niliyoletewa ushahidi wa karatasi wenye muhuri, ndiyo masika ninayotakiwa kukiri.

Nilimpigia Daktari Winrose nikamuuliza mtoto anayeanguka akikimbia anaweza kungoja muda gani. Akasema, "Mzee, usiniulize swali kama hilo. Mlete."

Nimemwambia Ummi atafute gari.

12 Mei, Msambweni; naandika nikiwa Waa

Mvua sikupima. Ukiacha siku za wodini, ni mara ya kwanza tangu mwaka 1994 kuruka siku.

Uwanja wa Feisal sasa ni kituo cha mafuta. Nyumba ya dada ina mabati mekundu na tangi la maji. Watu walikuwa wamesimama upande mmoja wa njia, na watoto walivutwa ndani nilipokaribia. Wazee watano kwenye jamvi. Wawili niliwafundisha kusoma.

"Shikamoo, dada."

Mwanatumu ana miaka sabini na miwili na jicho moja limefunga. "Marahaba, Chirau. Umekonda."

Yusra alikuwa amelazwa ukumbini kwenye mkeka. Nilipiga magoti kando yake, na goti lilipogusa sakafu nikausikia mhemo wake. Sikuhitaji daktari. Ule ulikuwa mhemo wangu shambani, mhemo wa Feisal kando ya uwanja. Shingoni mwake mshipa ulikuwa ukiruka. Aliniangalia kwa udadisi, si kwa hofu.

Barua ilikuwa katika mfuko wa kanzu, upande wa kulia. Nilikuja nayo. Siwezi kusema sikukusudia chochote.

Iddi alileta bakuli la maji. Kabla sijalipokea, Mwanatumu aliniinamia, akanisemea sikioni, wazee wasisikie.

"Si Iddi aliyetaka kiraho. Ni mimi."

Nikamwangalia.

"Feisal alikuwa akiniambia, mama, kifua chanibana. Nikimjibu, acha uvivu, usiwe kama mjomba wako. Alipokufa ningemlaumu nani, Chirau? Niambie. Ningemlaumu nani?"

Miaka yote hii, kila Idi, nimempelekea dada yangu sukari na kanga kwa mikono ya wafanyabiashara wa Kombani, nikiamini kwamba katika nyumba ile yeye alikuwa upande wangu, ila alikosa nguvu. Iddi ndiye niliyemchukia. Nilimchukia kwa bidii, kama mtu anayelima.

Ningeweza kuitoa barua pale pale. Wangenisikiliza dakika tano, kwa adabu. Kisha mmoja angeuliza kama ng'ombe alichinjwa kihalali, na Iddi angelirudisha bakuli jikoni.

Nikajaza maji kinywani. Yalikuwa ya kisima, yana chumvi kidogo, na niliyatambua. Nikayatema kifuani pa mtoto, akashtuka kwa baridi. Nikasema, "Nilichofunga nimekifungua."

"Sema kwa nguvu, mwalimu," akasema mmoja wa wale niliowafundisha.

Nikasema kwa nguvu.

Wakaitikia dua. Mwanamke mmoja nje akapiga kigelegele. Mwanatumu hakuitikia, na hakuinua uso.

Iddi alitimiza ahadi saa ile ile. Alimbeba Yusra mwenyewe mpaka garini, akaketi naye nyuma, nami mbele na Ummi. Tulipofika karibu na Ukunda akasema, "Siku ile mlimani ni mimi niliyekuteremsha. Wengine walitaka uachwe. Nilikubeba mgongoni."

"Sikujua."

"Ulikuwa mwepesi. Nilidhani mchawi angekuwa mzito."

Tangu hapo sikuweza tena kumchukia kwa ile bidii.

14 Mei

Mvua: 38. Picha imepigwa. Vibawa viwili. Tundu la kupitisha damu halitoshi hata kalamu nyembamba. Daktari Winrose alimgeuzia Iddi kioo cha mashine, akamwonyesha mlango mdogo ukijaribu kufunguka na kushindwa. Iddi alitazama bila kupepesa.

Mwezi ujao watakuja madaktari wa moyo wa watoto. Watapitisha puto katika mshipa wa paja, waupanue mlango. Akikua huenda akahitaji vali mpya. Mpaka wakati huo asikimbie, asifunge, asipande ngazi kwa haraka.

"Mmefanya vizuri kumleta," akamwambia Iddi. "Nani alikushauri?"

"Mzee huyu alimfungua kwanza," Iddi akajibu kwa moyo safi. "Ndipo nikamleta."

Daktari akaniangalia. Nikatazama sakafu.

Ukumbini Yusra alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, ananingoja.

"Babu, kweli ulimla ami Feisal?"

Iddi alikuwa hatua mbili nyuma, akisikia. Bado wiki nne madaktari waje. Wiki nne baba anaweza kubadili nia akampeleka mtoto nyumbani, na njia ni fupi.

"Wewe umeambiwa nini?"

"Kwamba ulimla, halafu ukajuta."

"Basi," nikasema.

Akanipapasa mkono, kama kunisamehe.

20 Mei

Mvua: 29.

26 Mei

Mvua: 17. Daktari ameniuliza habari ya kufungua. Nimemweleza yote. Alivua miwani. "Barua niliyokuandikia ulimsomea nani?" "Ummi," nikasema. "Na ukuta."

11 Juni

Mvua: 6. Zoezi la puto limekwisha salama. Dakika hamsini. Jioni Yusra aliomba viazi karai, akala, na midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikuwa nimeijua. Iddi alitoka nje ya wodi akalia akiuelekea ukuta. Nikasimama naye. Hatukugusana.

17 Juni

Mvua: hakuna. Msambweni wamesoma maulidi ya shukrani. Ummi alikwenda, akarudi, akasema tu chakula kilikuwa kingi. Nilipomsukuma akasema imamu alimshukuru Mungu, kisha mzee mmoja akasimama akawashukuru waliomshurutisha mchawi mpaka akafungua. Kila mtu ameshuhudia: alikiri, mtoto akapona. Ushahidi gani mkubwa kuliko huo?

Barua haiwezi tena kushindana na mtoto anayetembea.

20 Juni

Mvua: 4. Simu mbili nisizozijua. Wa kwanza aliomba kwa heshima nimfungue mke wake apate mimba. Wa pili hakutoa salamu. Aliuliza nimewafunga wangapi wengine, akasema wanapajua Waa.

Jioni Iddi akapiga.

"Mjomba, hujambo? Yusra akusalimu. Leo amepanda ngazi za madrasa hakupumzika." Akashusha sauti. "Ila huku usije. Mimi nakushukuru, Mungu ni shahidi. Lakini kuna vijana hawana subira na wazee waliokiri. Unayajua yanayowapata."

"Nayajua."

"Si mimi, mjomba."

"Najua si wewe."

"Mama auliza kama sukari ya Idi zijazo bado utaituma."

Nilimwambia nitaituma.

25 Juni

Mvua: 3. Masika yamekwisha. Daktari Winrose amesikiliza kifua changu akaniruhusu niende. Nilimpa barua, akaniuliza nataka aifanye nini. Nikamwomba aitie kwenye faili la Yusra, na pale wanapoandika habari za ukoo aandike hivi: baba mdogo wa mgonjwa, Feisal, umri wa miaka kumi na saba, 1994, kifo cha ghafla, moyo. Aliandika mbele yangu. Yusra akiwa mtu mzima, siku atakayohitaji vali mpya, daktari mwingine atalifungua faili hilo na kumsomea. Mimi sitakuwapo, na pengine hatakumbuka alichoniuliza ukumbini.

Kesho Ummi atanipeleka Samburu. Nthiwa amesema amenifyekea mahali pa kipimo, na kwamba nyasi zimeota vizuri, nije na njaa.

Kipimo nimekiosha na kukifunga katika kitambaa. Msambweni sitarudi.